Dawa za Kutuliza Mgonjwa Anapotazamwa Tumbo kwa Mpira

Fundisho hili ni kwa mgonjwa aliyeambiwa na daktari kwamba tumbo lake litatazamwa kwa mpira. Ni kwa ndugu zake pia, watakaomlinda siku hiyo. Wengi wakisikia habari hii huogopa. Wengine huogopa mpira wenyewe. Wengine huogopa dawa ya usingizi, wakisema, "Nikilala sitaamka tena." Kwa ajili ya hofu hiyo hurudi nyumbani bila kutazamwa, na ugonjwa unaendelea kukua ndani. Tena wako wengine wanaodai dawa yenye nguvu kuliko zote, wakidhani ndiyo bora. Wote hawa wanahitaji kujua kila dawa inafanya kazi gani na ina hatari gani. Mgonjwa anayejua mambo haya huweza kuchagua vizuri pamoja na daktari wake.

1. MPIRA WA KUTAZAMA TUMBO

Mpira huu ni mrefu na laini. Unene wake ni kama kidole kidogo cha mkono. Mbele una taa na kamera ndogo sana. Watu wengi wa Kongo huuita fibroskopi. Daktari huupitisha kinywani, katika njia ya chakula, mpaka tumboni na mwanzo wa utumbo. Hapo huona kidonda, au uvimbe, au mahali panapotoka damu. Aweza pia kutwaa kipande kidogo sana cha nyama ya tumbo ili kipimwe. Kutwaa kipande hicho hakuumi. Kazi yote mara nyingi huchukua dakika 5 mpaka 10 tu.

Kazi hii ina faida kubwa. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha jambo hilo, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mtu mwenye kidonda cha namna hii huweza kupona kwa dawa za siku chache. Na kansa ya tumbo ikionekana mapema yaweza kukatwa. Lakini tumbo lisipotazamwa, mtu aweza kunywa dawa za sokoni mwaka mzima, kumbe kansa inakua.

Zamani kutazama tumbo kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alipitisha bomba gumu mpaka tumboni mwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Mtu mwingine asingeweza. Mwaka 1932 Rudolf Schindler alikuwa na bomba lililoweza kujipinda kidogo. Kisha mwaka 1957, huko Michigan, Marekani, daktari Basil Hirschowitz alijaribu mpira laini wenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopeleka nuru. Aliumeza mwenyewe kwanza, ndipo akautumia kwa mgonjwa. Tangu wakati huo mipira imezidi kuwa myembamba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usifikiri kwamba bila usingizi jambo hili haliwezekani. Watu wengi huliweza.

2. KWA NINI DAWA HUTUMIWA?

Koo lina ulinzi wake. Kitu kigeni kikigusa nyuma ya ulimi, koo hukisukuma nje, na mtu husikia kama anataka kutapika. Ulinzi huu ni mzuri, maana huzuia chakula kisiingie katika mapafu. Lakini mpira nao hugusa mahali pale pale. Tena mtu mwenye hofu hukaza shingo, moyo wake hupiga mbio, naye aweza kuushika mpira na kuuvuta kwa nguvu. Hapo aweza kujiumiza.

Dawa ya kutuliza haiponyi kidonda. Kazi yake ni kumsaidia mgonjwa akae kimya, ili daktari atazame kila upande bila haraka. Basi dawa inayofaa ni ile inayomtosha mgonjwa huyu kwa kazi hii, wala si zaidi ya hapo.

3. USINGIZI WA DAWA UNA VINA VINNE

Fikiri juu ya mtu anayeingia mtoni. Kwanza maji yanafika vifundoni, kisha magotini, kisha kifuani, mwisho yanapita kichwa. Usingizi wa dawa ni hivyo.

Kina cha kwanza: mgonjwa ametulia tu. Yu macho, anajibu kama kawaida.

Kina cha pili: anasinzia. Ukimwita kwa jina au ukimgusa begani, anafungua macho na kufanya unalomwambia. Anapumua vizuri mwenyewe.

Kina cha tatu: amelala sana. Ukimwita hajibu. Hujitikisa tu akiumizwa. Pumzi yake yaweza kupungua, na ulimi waweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa.

Kina cha nne: haamki hata akikatwa kwa kisu. Mara nyingi ni lazima mtu mwingine ampumulishe.

Kwa kutazama tumbo peke yake, kina cha kwanza au cha pili kinawatosha wengi. Lakini kumbuka kwamba katika mto hakuna ukuta kati ya kina na kina. Dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, yaweza kumfikisha kijana magotini, na kumzamisha mzee kabisa. Kwa sababu hii dawa hutiwa kidogo kidogo, na mwuguzi hungojea aone kabla ya kuongeza.

4. DAWA MOJA MOJA

Sasa tutazame dawa zinazotumiwa mara nyingi. Vipimo tunavyoandika hapa ni vya kukusaidia kufahamu. Si vya kujitibu nyumbani.

(a) Dawa ya kupuliza kooni: lidokaini

Dawa hii hailetei mtu usingizi. Hupulizwa nyuma ya koo, na baada ya dakika chache koo linakufa ganzi. Ladha yake ni chungu. Mgonjwa husikia kana kwamba koo limevimba na hawezi kumeza, lakini sivyo: hewa inapita vizuri.

Faida yake ni kwamba pumzi hazipungui, akili haziguswi, na mtu aweza kurudi nyumbani peke yake. Upungufu wake ni kwamba hofu haiondoki, na mgonjwa hukumbuka yote. Hatari yake ni moja ambayo wengi hawaijui. Koo lililokufa ganzi haliwezi kulinda mapafu. Kwa hiyo usinywe wala kula mpaka ganzi iishe, karibu saa moja nzima. Kisha jaribu maji kidogo kwanza. Kama ulipata kuvimba au kuwashwa mwili kwa dawa ya ganzi ya daktari wa meno, sema kabla hujapulizwa.

(b) Diazepamu

Hii ndiyo ile ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Iliingia katika maduka ya dawa mwaka 1963. Huondoa hofu na kuleta usingizi. Bei yake si kubwa, nayo hupatikana hata katika hospitali ndogo.

Ubaya wake ni wa namna mbili. Kwanza, sindano yake huunguza mshipa, na mkono waweza kuvimba baadaye. Pili, haitoki upesi mwilini. Nusu yake yaweza kubaki katika damu baada ya siku nzima au zaidi, na kwa mzee hukaa muda mrefu kuliko huo. Mtu huamka, hujiona mzima, kumbe dawa ingali ndani yake. Jioni hupanda pikipiki, akaanguka. Mahali penye midazolamu, madaktari wengi wameiacha diazepamu kwa kazi hii.

(c) Midazolamu

Dawa hii ni ndugu mdogo wa diazepamu, lakini mdogo mwenye nguvu. Haiunguzi mshipa. Huanza kazi baada ya dakika moja mpaka tatu, na nusu yake huondoka katika damu kwa muda wa saa mbili au tatu. Tena huleta usahaulifu. Mgonjwa hujibu maneno ya daktari wakati wa kazi, na baadaye hakumbuki kitu. Wengi huuliza, "Mtaanza saa ngapi?" na kazi imekwisha kumalizika.

Kipimo cha mtu mzima huanza na miligramu 1 au 2. Mwuguzi hungojea dakika mbili au zaidi, ndipo huongeza kidogo. Wengi hawahitaji kupita miligramu 5, na mzee hupewa nusu au pungufu. Kungojea huku kulifundishwa kwa uchungu. Dawa hii ilipoanza kutumiwa Marekani katika miaka ya 1980, wengine waliipima kama diazepamu, na wagonjwa kadhaa wakafa kwa kukosa pumzi. Ndipo vipimo vikapunguzwa na onyo kali likaandikwa.

Midazolamu ina faida nyingine: iko dawa ya kuirudisha nyuma, iitwayo flumazenili. Huamsha mgonjwa kwa dakika moja au mbili. Lakini nguvu ya flumazenili huisha kabla ya midazolamu kuisha. Mgonjwa aweza kuzama tena. Kwa hiyo aliyeamshwa kwa dawa hii haruhusiwi kwenda nyumbani upesi.

(d) Petidini na fentanili

Hizi ni dawa za maumivu makali, za jamii ya morfini. Petidini ilipatikana Ujerumani kabla ya vita ya pili ya dunia. Fentanili ilitengenezwa mwaka 1960 na Paul Janssen, daktari wa Ubelgiji. Nguvu yake yapita ile ya morfini karibu mara 100, kwa hiyo hupimwa kwa mikrogramu.

Kutazama tumbo si jambo la maumivu makali, basi mara nyingi dawa hizi hazihitajiwi. Huongezwa wakati daktari ana kazi ndefu ndani, kama kufunga mishipa inayotoka damu. Hatari iko katika kuziunganisha. Midazolamu peke yake hupunguza pumzi kidogo. Fentanili nayo hupunguza. Zikiwa pamoja, pumzi hupungua kuliko jumla yake. Petidini haifai kwa mwenye figo mbovu. Dawa ya kuzirudisha nyuma ni naloksoni, nayo pia nguvu yake huisha upesi.

(e) Propofoli

Dawa hii huonekana kama maziwa, kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya. Ilianza kuuzwa mwaka 1986. Mgonjwa hulala kabla ya dakika moja kuisha, na dawa ikisimamishwa huamka baada ya dakika 5 mpaka 10, akili zikiwa safi. Dawa hizi mbili zimelinganishwa mara nyingi katika nchi mbalimbali. Wagonjwa wa propofoli huamka mapema kuliko wa midazolamu, huenda nyumbani mapema, na wengi hufurahi zaidi.

Kwa nini basi kila hospitali haiitumii? Kwa sababu propofoli haisimami magotini kwa urahisi. Matone machache tu yaweza kumpeleka mgonjwa kutoka kina cha pili mpaka cha nne. Hushusha nguvu ya damu na huweza kusimamisha pumzi kabisa. Tena haina dawa ya kuirudisha nyuma. Pumzi ikisimama, mtu mwenye ujuzi lazima ampumulishe mgonjwa mpaka dawa iishe yenyewe. Kwa hiyo hutumiwa na mtu aliyefundishwa kazi ya usingizi, ambaye macho yake hayaondoki kwa mgonjwa. Mwaka 2009 mwimbaji Michael Jackson alikufa mjini Los Angeles baada ya kupewa propofoli nyumbani ili apate usingizi wa usiku. Nyumbani hapakuwa na vyombo vya kutosha vya kumlinda. Daktari aliyempa alihukumiwa mwaka 2011. Dawa ile ile ambayo hospitalini huamsha watu kwa dakika chache, huko iliua.

(f) Ketamini

Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na inajulikana sana katika hospitali zetu za Afrika kwa kazi ya kupasua. Sifa yake ni kwamba kwa kawaida haishushi nguvu ya damu, na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Mahali pasipo na mashine ya usingizi imeokoa wengi.

Lakini kwa kazi ya kooni ina taabu yake. Huongeza mate, na koo likiguswa laweza kujifunga ghafula hewa isipite. Wakati wa kuamka wengine huona ndoto za kutisha na kupiga kelele. Watu wa nyumbani wasiseme kwamba ameingiwa na pepo. Ni dawa inayotoka. Wamwache mahali penye kimya, wamsemeshe kwa upole. Ketamini hufaa hasa kwa watoto, au wakati dawa nyingine hazifai, mkononi mwa mtu aliyezoea.

5. BASI, DAWA IPI NI BORA?

Hakuna dawa moja iliyo bora kwa watu wote. Katika nchi zenyewe desturi zinatofautiana. Uingereza mgonjwa huulizwa kama anapenda dawa ya kooni au midazolamu. Ufaransa wengi hulazwa kwa propofoli na daktari wa usingizi. Tofauti hii hutoka katika idadi ya watu wenye ujuzi, vyombo, fedha na mazoea. Tufikiri juu ya wagonjwa sita.

Kijana wa miaka 25, mwenye afya, amekuja peke yake, na kesho ana kazi. Dawa ya kooni inamtosha. Atasumbuka dakika chache, kisha atakwenda zake.

Mama wa miaka 40 alijaribu bila usingizi akashindwa. Apewe dawa ya kooni na midazolamu kidogo. Lakini sharti aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Mzee wa miaka 75, mwenye moyo dhaifu, huhema akipanda mlima. Kwake dawa ya kooni peke yake ni salama kuliko zote. Kama lazima, apewe midazolamu kidogo sana. Watoto wake wasilalamike kwamba hospitali imemnyima baba yao dawa nzuri. Imemhifadhi.

Mtu mwenye ini lililoharibika, tumbo limejaa maji. Ini ndilo linaloondoa midazolamu na diazepamu mwilini. Ini likiwa bovu, dawa hukaa muda mrefu zaidi, na akili zaweza kupotea. Kwake propofoli mkononi mwa mjuzi ni afadhali. Mahali isipokuwapo, dawa ya kooni.

Mtoto wa miaka 6 hawezi kuambiwa atulie. Huyu hulazwa kwa propofoli au ketamini, na mtu wa kazi ya usingizi awepo.

Mgonjwa anayetapika damu. Huyu ndiye mwenye hatari kuliko wote. Tumbo lake limejaa damu, na akilala sana, damu itapanda na kuingia mapafuni. Kwanza hupewa serumu na damu. Kisha, au hutulizwa kidogo tu, au hulazwa kabisa na kutiwa bomba katika njia ya hewa ili mapafu yalindwe. Kumlaza nusu nusu, bila bomba, ni kumtia hatarini.

Tumeona kwamba daktari hachagui kwa kutazama dawa peke yake. Hutazama mgonjwa, hutazama kazi, tena hutazama walio pamoja naye chumbani.

6. MLINZI WA PUMZI

Jambo hili lapita jina la dawa. Dawa yenye nguvu kidogo bila mlinzi ni hatari kuliko dawa yenye nguvu pamoja na mlinzi mwema. Daktari anayetazama tumbo hawezi kutazama pumzi pia. Lazima awepo mtu mwingine ambaye kazi yake ni moja tu: kumtazama mgonjwa.

Mlinzi huyu hutazama kifua kama kinapanda na kushuka, rangi ya midomo, na mpigo wa moyo. Huvisha kidole cha mgonjwa chombo kidogo kinachopima hewa iliyo katika damu. Chombo hiki kilitokana na kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970. Mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 au zaidi kwa mia. Ikishuka chini ya 90, lazima asaidiwe mara moja. Lakini mwaka 2020 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi chombo hiki mara nyingine huonyesha hesabu iliyo juu kuliko kweli. Kwa hiyo katika nchi yetu mwuguzi asikiamini chombo peke yake. Macho yake yabaki kifuani pa mgonjwa.

Karibu na kitanda pawepo oksijeni, chombo cha kunyonya mate, mfuko wa kumpumulishia mgonjwa, na dawa za kurudisha nyuma. Si vibaya mgonjwa akiuliza kwa heshima, "Nani atatazama pumzi yangu?" Mwuguzi mwema hufurahi kusikia ulizo hilo.

7. KAZI YA MGONJWA KABLA YA KUTAZAMWA

Usile. Kwa muda wa masaa 6 kabla ya kazi, usile chakula chochote. Uji ni chakula. Chai yenye maziwa ni chakula. Maji matupu waweza kunywa mpaka masaa 2 kabla, kama daktari hakukukataza. Wakati mwingine mama au shangazi humhurumia mgonjwa na kumpa uji kwa siri alfajiri, akisema, "Asiende na njaa." Huruma hiyo yaweza kuua. Mgonjwa akilala, uji hupanda, huingia mapafuni, naye huzama mahali pakavu. Kama umekula, sema tu. Hutakaripiwa. Utapewa saa nyingine au siku nyingine.

Sema kweli juu ya pombe. Mtu aliyekunywa kanyanga au kasiksi siku hiyo ana dawa moja tayari mwilini, na ya pili itamzamisha. Tena mtu aliyezoea kunywa sana kila siku mara nyingi hatulizwi kwa kipimo cha kawaida, na aweza kufanya fujo. Daktari haulizi ili akuaibishe, bali apate kupima vizuri.

Taja dawa zote unazotumia. Dawa nyingine za ukimwi, zile zenye ritonaviri, huzuia mwili usiondoe midazolamu, na usingizi huwa mrefu na mzito. Kama hutaki ndugu zako wasikie, omba kusema na mwuguzi peke yenu. Taja pia dawa za kifafa, za usingizi, na za kienyeji.

Sema kama una mimba, kama unanyonyesha, kama unakoroma sana usiku na kukatika pumzi, au kama wewe au ndugu yako alipata taabu kwa dawa ya usingizi zamani. Ondoa meno ya bandia. Onyesha jino linalotikisika. Futa rangi ya kucha, maana huzuia chombo cha kidoleni kusoma vizuri.

8. BAADA YA KUTAZAMWA

Aliyepata dawa ya kooni peke yake hungojea ganzi iishe, kisha hula na kwenda.

Aliyepata dawa ya usingizi hukaa hospitalini mpaka aamke vizuri, aseme vizuri, asimame bila kuyumba. Kisha hurudi na mlinzi wake. Mpaka kesho yake saa kama ile, asiendeshe pikipiki wala baiskeli, asipande juu ya nyumba, asipike peke yake kwenye moto mkubwa, asinywe pombe. Asiuze shamba wala kutia sahihi karatasi yoyote, maana aweza kusahau alichokubali. Mama mwenye mtoto mchanga asilale naye kitanda kimoja usiku huo, asije akamlalia bila kujua.

Tena daktari akikupa habari za tumbo lako mara baada ya kuamka, utazisahau. Omba mlinzi wako awepo kusikia, au uandikiwe karatasi.

Rudi hospitalini upesi ukiona mambo haya: kutapika damu, choo cheusi kama lami, maumivu makali ya kifua au tumbo au shingo, homa, kuhema, au usingizi unaozidi badala ya kupungua.

YA KUKUMBUKA

Usikimbie mpira kwa kuogopa usingizi, kwa maana wengi hutazamwa bila usingizi. Wala usidai usingizi mzito kwa kuogopa mpira. Kina kidogo kinachotosha ni bora kuliko kina kikubwa kisichohitajiwa. Chagua pamoja na daktari, sema kweli yote, njoo na tumbo tupu, na uje na mtu wa kukurudisha.

MAULIZO

1. Vina vinne vya usingizi wa dawa ni vipi? Kipi kinawatosha wengi?
2. Kwa nini aliyepuliziwa dawa kooni asile wala kunywa mara moja?
3. Diazepamu na midazolamu zinatofautiana kwa mambo gani?
4. Propofoli huamsha mtu upesi. Kwa nini basi lazima awepo mtu wa kazi ya usingizi?
5. Kwa nini mgonjwa anayetapika damu asilazwe sana bila bomba katika njia ya hewa?
6. Shangazi amempa mgonjwa uji alfajiri. Mgonjwa afanye nini?
7. Jirani yako amepewa midazolamu asubuhi, na jioni anataka kuendesha pikipiki. Utamwambia nini?